Kuanza Ngumi Ukubwani: Mazoezi, Ridhaa au Kulipwa?

Mtu mwenye miaka 26, 29 au 33 anapoingia klabu ya ngumi kwa mara ya kwanza, swali analokuja nalo moyoni huwa ni moja: je, nimechelewa? Swali hilo halijibiki mpaka aseme amechelewa kwa ajili ya nini, kwa sababu mlango ule mmoja wa klabu unaelekea kwenye njia tatu zisizofanana. Ya kwanza ni kufanya mazoezi ya ngumi bila kupanda ulingoni kwa pambano. Ya pili ni kupigana katika ngumi za ridhaa. Ya tatu ni ngumi za kulipwa. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya mtu aliyevuka miaka 20 bila kuvaa glavu, na msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji aupime anapoendelea: kwa wengi wao, ridhaa kwa kipindi kilichowekewa mpaka ndiyo chaguo bora, mazoezi peke yake ni chaguo kamili lisilopaswa kudharauliwa, na kulipwa ni njia ya wachache, ambao dalili zao huanza kuonekana wakiwa bado kwenye ridhaa.

Majina yanayotajwa kila mara

Kabla ya kulinganisha njia hizo, inafaa tuyatazame majina ambayo kila anayechelewa kuanza husimuliwa, kwani mengi yanasimuliwa nusu. Sergio Martínez wa Argentina alianza ngumi akiwa na miaka 20, akaingia kwenye kulipwa mwaka 1997, na ubingwa wa dunia wa uzani wa kati akaupata Aprili 2010 akiwa na miaka 35. Simulizi hiyo ni ya kweli, lakini nusu yake nyingine ni kwamba kabla ya kuvaa glavu alikuwa mwendesha baiskeli na mchezaji wa mpira wa miguu, kwa hiyo miguu na mapafu alikuja nayo. Na hata hivyo ilimchukua takriban miaka 15 kufika pale. Deontay Wilder wa Marekani alianza mwaka 2005 akiwa na miaka 20 hivi, akashinda medali ya shaba katika Olimpiki ya Beijing ya 2008, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Anthony Joshua wa Uingereza alianza akiwa na miaka 18 na baada ya miaka isiyozidi mitano akashinda dhahabu ya Olimpiki ya London ya 2012.

Wilder na Joshua wote ni warefu wa karibu mita mbili, tena wa uzito wa juu. Katika uzani huo watu ni wachache, na ngumi moja nzito inaweza kufuta upungufu wa ufundi wa miaka kumi. Mtu wa kilo 60 hana bahati hiyo. Katika uzani mwepesi atakutana na watu wa aina ya Vasyl Lomachenko wa Ukraine, aliyefundishwa na baba yake tangu utotoni, akashinda dhahabu za Olimpiki za 2008 na 2012, kisha akachukua ubingwa wa dunia katika pambano lake la tatu tu la kulipwa mwaka 2014. Kwa hiyo umri wa kuanza hausomwi peke yake. Husomwa pamoja na uzito, na mtu wa miaka 25 mwenye kilo 95 na mwenzake wa umri huohuo mwenye kilo 57 hawajachelewa kwa kiasi kimoja.

Yuko pia Dwight Muhammad Qawi, aliyejifunza ngumi gerezani katika jimbo la New Jersey, akaingia kwenye kulipwa mwaka 1978 akiwa na miaka 25, na Desemba 1981 akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwepesi ilhali alikuwa mfupi kuliko karibu wapinzani wake wote. Huyu ndiye mfano halisi wa aliyechelewa, nami namheshimu kuliko wote waliotajwa, kwa kuwa hakubebwa na kimo. Ni mmoja, lakini.

Yapo majina mawili ambayo ningependa yaondolewe katika mazungumzo haya. George Foreman aliurudia ubingwa wa uzito wa juu mwaka 1994 akiwa na miaka 45, na Bernard Hopkins akawa bingwa mwaka 2011 akiwa na miaka 46. Lakini Foreman alikuwa tayari na dhahabu ya Olimpiki akiwa na miaka 19, na Hopkins alikuwa kwenye ngumi za kulipwa tangu mwaka 1988. Hao walichelewa kumaliza, hawakuchelewa kuanza, na mambo hayo mawili hayana udugu. Anayezeeka ndani ya ulingo amekwisha kuweka akiba ya maelfu ya raundi, na akiba hiyo ndiyo anayoitumia kasi inapopungua. Anayeanza na miaka 30 hana cha kutoa kwenye akiba.

Kinachopungua na kisichopungua

Nguvu, pumzi na stamina si tatizo kubwa kwa mtu wa miaka 28, na wengi wao huwashinda vijana wa miaka 17 katika kuruka kamba na kukimbia. Kinachokosekana ni kitu kisichopimwa kwa saa wala kwa mizani: kuisoma ngumi kabla haijatoka. Aliyekulia klabuni haangalii glavu. Anaona bega la mpinzani likishuka kidogo au goti la mbele likilegea, na kichwa chake kinakuwa kimeshasogea kabla hajafikiri. Ujuzi huo hauletwi na begi la kupiga wala pedi anazoshika kocha, kwa sababu begi halikudanganyi. Huletwa na sparing, yaani kupigana na mwenzako ulingoni kwa mazoezi, na sparing ndiyo yenye gharama.

Mtazame mtu mzima katika sparing yake ya kwanza. Kwenye begi alikuwa anapendeza. Jebu yake, ile ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, ilinyooka na mkono wa nyuma ulikaa shavuni. Kengele inapolia, anabana pumzi bila kujua, kidevu kinainuka, uzito unahamia visiginoni, na kila ngumi inapomjia anafumba macho. Ndani ya dakika moja na nusu mikono imekuwa mizito kama imelowa maji, ingawa jana yake alikimbia kilomita kumi bila shida. Kocha kwenye kona hamwambii habari ya ufundi, anamwambia, "Kaka, pumua." Mimi nilianza nikiwa na miaka 27, na neno hilo nililisikia kwa miezi minne kabla ya kuanza kuona ngumi zikija. Wenzangu wa miaka 14 tulioanza pamoja waliacha kuambiwa hivyo baada ya wiki chache.

Ridhaa na kulipwa zikiwekwa pamoja

Watu wengi hudhani kulipwa ni ridhaa yenye fedha. Ukweli ni kwamba ni michezo miwili inayotumia ulingo mmoja. Pambano la ridhaa la watu wazima ni raundi tatu za dakika tatu. La kulipwa huanzia raundi nne na kufika 12, na kwa wanawake raundi za kulipwa kwa kawaida ni za dakika mbili na hazizidi kumi. Glavu za ridhaa ni za aunsi 10 au 12, za kulipwa ni za aunsi 8 au 10, na tofauti hiyo ya aunsi mbili huisikia anayepigwa kuliko anayepiga. Katika mashindano makubwa ya ridhaa wanaume wazima hawavai tena kinga ya kichwa tangu mwaka 2013, ingawa mashindano ya ngazi ya chini katika nchi nyingi bado huiagiza. Refa wa ridhaa huhesabu mapema na husimamisha mapema. Refa wa kulipwa humwachia bondia nafasi ya kujiokoa, na nafasi hiyo ndiyo inayomjeruhi.

Tofauti kubwa zaidi, hata hivyo, ni jinsi mpinzani anavyopatikana. Katika ridhaa, hasa mapambano ya mwanzo, makocha wawili hukaa na kulinganisha uzito, umri na idadi ya mapambano. Mtu mwenye pambano moja hutafutiwa mwenye sifuri, moja au mawili. Hakuna anayefaidika kwa wewe kupigwa. Katika kulipwa, mapambano mengi hupangwa na promota mwenye bondia wake anayemjenga, na bondia huyo anahitaji watu wa kuwashinda. Mtu wa miaka 30, mwenye umbo la kupendeza kwenye mizani, mwenye rekodi fupi na asiye na mashabiki wa kununua tiketi, ndiye hasa anayetafutwa kwa kazi hiyo. Ataitwa wiki mbili kabla ya pambano, atalipwa, ataambiwa kwamba hiyo ni nafasi ya kujitangaza, na ataletwa kupigwa. Akikubali mara tatu, rekodi yake itakuwa imeandika jina lake upande wa wale wanaoletwa, na kutoka huko ni vigumu sana. Nawaomba wanaoanza wakubwa waisome aya hii mara mbili, kwa kuwa mtego huu huwanasa wao zaidi ya vijana: wana haraka, na mwenye haraka ni rahisi kumpata kwa simu moja.

Kuhusu fedha, ridhaa hailipi, na asiyekubali hilo asipoteze muda wake. Lakini kulipwa nako, katika mapambano ya mwanzo, hulipa kidogo kuliko jina lake linavyoahidi. Kwa desturi kocha huchukua asilimia 10 ya malipo, meneja anaweza kuchukua robo hadi theluthi, na kinachobaki ndicho hulipia vipimo vya afya, leseni, vifaa na wiki ambazo bondia hakufanya kazi nyingine. Sehemu kubwa ya mabondia wa kulipwa duniani wana ajira pembeni, na hilo si aibu bali ni hesabu. Kwa anayeanza akiwa na familia au ajira inayomtegemea, swali la kujiuliza ni kama yuko tayari kufanya kazi mbili kwa miaka mitano, moja ikiwa ya kupigwa.

Umri nao umewekewa mipaka. Ngazi ya wakubwa katika ngumi za ridhaa za kimataifa imekuwa ikiishia miaka 40, baada ya kupandishwa kutoka miaka 34. Nchini Marekani na kwingineko kuna kundi la wakongwe, ambamo watu wa umri wa kati hupambanishwa na wenzao wa rika. Kulipwa hakuna mpaka mmoja wa dunia nzima, lakini mamlaka zinazotoa leseni zinaweza kudai vipimo vya ziada kwa anayeomba leseni ya kwanza akiwa na umri mkubwa, na zina haki ya kumkatalia.

Kichwa

Katika sehemu hii sitaki kupita haraka. Mwaka 1928 daktari Harrison Martland wa Marekani aliandika kuhusu mabondia waliokuwa wakiyumba, wakikokota maneno na kusahau, na tangu hapo tiba imezidi kuthibitisha kwamba madhara ya ubongo kwa bondia hayatokani na nokauti peke yake. Hutokana na mkusanyiko wa mapigo, yakiwemo yale ya kawaida ambayo mtu anayapokea akiwa amesimama, anacheka, na kesho yake anakwenda kazini. Maana yake ni kwamba sparing inaweza kukujeruhi kuliko mapambano, kwa kuwa mapambano ni machache na sparing ni ya kila wiki. Glavu kubwa na kinga ya kichwa huzuia mipasuko na uvimbe. Ubongo unaotikisika ndani ya fuvu haziuzuii.

Hapa ndipo anayechelewa kuanza anakabiliwa na hesabu ngumu. Ili afidie miaka aliyoikosa anashawishika kufanya sparing nyingi na nzito kwa muda mfupi, yaani kupokea ndani ya miaka miwili mapigo ambayo mwenzake aliyaeneza katika kumi, tena akiwa bado hajui kuyakwepa. Nilipoanza, klabu ya kwanza niliyoingia iliniweka ulingoni wiki ya pili na kijana mwenye mapambano zaidi ya 20, bila maelekezo ya kupunguza nguvu, na nilirudi nyumbani na maumivu ya kichwa yaliyodumu siku tatu. Nilidhani huo ndio mchezo. Sivyo. Klabu nzuri humpa mtu mzima miezi mitatu au zaidi ya miguu, jebu na ulinzi, kisha sparing ya kugusa isiyo na nguvu, kisha ya mwili tu bila kichwa, na sparing kamili huja mwisho na kwa kipimo. Ukikuta klabu inayowafurahia wageni wanapoyumba, tafuta nyingine siku hiyohiyo.

Kwa kigezo hiki njia tatu hupangika wazi. Mazoezi bila sparing ya kichwa hayana hatari hiyo kabisa. Ridhaa ina hatari inayoweza kupunguzwa kwa idadi ya mapambano, kwa kocha makini na kwa likizo ya lazima baada ya nokauti, ambayo kwa kawaida ni siku 30 au zaidi. Kulipwa ina hatari ambayo bondia mwenyewe hawezi kuipunguza sana, kwa sababu mpinzani, urefu wa pambano na muda wa maandalizi vyote hupangwa na wengine.

Mazoezi peke yake

Kuna watu huona aibu kusema wanafanya ngumi lakini hawapigani. Aibu hiyo haina msingi. Anayefanya mazoezi mara nne kwa wiki, akafunga bendeji zake sawasawa, akaruka kamba, akafanya raundi sita za begi na tatu za pedi, anajifunza ufundi uleule na anaweza kuendelea nao hadi miaka 60. Anachokikosa ni mtihani, na baadhi ya watu kweli hawawezi kuishi bila kujua wangefanya nini mtihani ukija. Kama wewe si wa kundi hilo, njia ya kwanza inakutosha, na huna haja ya kumthibitishia mtu yeyote kitu.

Kwa umri na kwa lengo

Anayeanza akiwa na miaka 18 hadi 22 bado ana muda wa kutosha, na kwake nisingefunga mlango wowote: apigane ridhaa kwa miaka mitatu au minne, afikishe mapambano 20 au 30, kisha rekodi yenyewe itamwambia kama kulipwa kunamfaa. Kuanzia 23 hadi 28 lengo la busara ni ubingwa wa mkoa au jimbo katika ridhaa, na nafasi ya kulipwa iachwe wazi kwa anayeshinda watu walioanza utotoni, si kwa anayeshinda wageni wenzake. Tofauti hiyo ndiyo dalili niliyoitaja mwanzo. Mtu aliyeshinda mapambano yake sita yote dhidi ya wanaoanza hajajua chochote kuhusu nafasi yake. Aliyeshindwa kwa pointi chache na mwenye mapambano 40 amejua mengi.

Kuanzia 29 hadi 34 ningependekeza mapambano matano hadi kumi ya ridhaa, ndani ya miaka miwili au mitatu, kwa furaha na kwa umakini, na kulipwa kuondolewe kwenye mpango isipokuwa kwa mtu aliyetoka kwenye mchezo mwingine wa mapigano. Hata huyo asijidanganye. Francis Ngannou wa Kamerun alipanda ulingo wa ngumi Oktoba 2023 akiwa na miaka 37, akamwangusha Tyson Fury, aliyekuwa bingwa wa uzito wa juu, katika raundi ya tatu, lakini akashindwa kwa uamuzi wa majaji waliotofautiana. Tena alikuwa bingwa wa zamani wa uzito wa juu katika mapigano mseto (MMA), na Machi 2024 Anthony Joshua alimmaliza katika raundi ya pili. Baada ya 35, mazoezi au kundi la wakongwe ndiyo machaguo mawili ninayoyaona, na la pili kwa ruhusa ya daktari.

Ipo pia njia ya pembeni ambayo wanaoanza wakubwa huifaa kuliko wanavyodhani, nayo ni kona, yaani kufundisha na kuwasimamia mabondia wengine. Emanuel Steward wa Marekani alikuwa bingwa wa mashindano ya ridhaa ya Golden Gloves mwaka 1963, hakuingia kwenye kulipwa, na baadaye akawafundisha Thomas Hearns, Lennox Lewis na Wladimir Klitschko. Mtu mzima hujifunza kwa kuuliza kwa nini, tofauti na mtoto anayeiga, na mwenye mazoea ya kuuliza hivyo huweza kueleza. Mapambano machache ya ridhaa humpa kocha, mwamuzi au jaji kitu ambacho kozi haikitoi: kumbukumbu ya mwili wa jinsi dakika ya tatu ya raundi ya tatu ilivyo.

Kwa aliyesoma yote haya na bado moyo wake uko kwenye kulipwa, hatua ya kwanza isiwe kumtafuta promota. Iwe ni kukaa na kocha na kuandika tarehe, kwa mfano miezi 24 kuanzia pambano la kwanza la ridhaa, pamoja na sharti: idadi ya mapambano, na angalau ushindi mmoja dhidi ya mpinzani mwenye uzoefu mkubwa kuliko wake. Kisha afanye vipimo vya ubongo, macho, moyo na damu kwa fedha yake mwenyewe kabla mamlaka ya leseni haijavidai. Daktari wa macho akikuta retina, utando wa nyuma ya jicho, imeanza kuachia, njia ya tatu imefungwa siku hiyo na ya pili imefungwa pamoja nayo. Ya kwanza bado iko wazi, na kona vilevile.